Ngozi, Wavu au Jinzi: Kuchagua Suruali ya Pikipiki Kati ya Kisumu na Kericho

Suruali ya pikipiki inayowafaa watu wa kanda ya ziwa ni ile ambayo mwenyewe ataivaa hata siku anayotoka mara moja tu kwenda soko la Kibuye kununua omena, wala si ile iliyo ngumu kuliko zote dukani. Kwa kipimo hicho nimelinganisha aina tatu: ya ngozi iliyotoka kwenye mitumba, ya kitambaa cha wavu yenye pedi, na jinzi iliyofumwa kwa nyuzi imara. Nimezivaa katikati ya mji wa Kisumu, kwenye matuta ya barabara ya Kakamega kupitia Mamboleo na Kiboswa, na katika safari za kupanda kuelekea Kericho, mara nyingine hadi Nakuru kwa njia ya Mau Summit. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa matumizi ya kila siku, jinzi ya daraja la AA, moja ya madaraja ya ulinzi ya Ulaya nitakayoyaeleza hapa chini, imezishinda nyingine. Suruali ya wavu inaifuata kwa karibu na kuizidi katika safari ndefu. Ya ngozi ndiyo yenye ulinzi mkubwa kuliko zote, lakini katika joto letu huishia kutundikwa nyuma ya mlango, na suruali iliyotundikwa haimkingi mtu.

Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga, lakini kuhusu miguu imenyamaza. Ndiyo maana utamwona mwendeshaji wa bodaboda pale Kondele amejifunika jaketi zito la baridi saa sita mchana, ilhali chini amevaa suruali ya michezo ya poliesta ambayo, akianguka na kuburuzika kwenye lami, huyeyuka kwa msuguano na kugandamana na mwili uliochubuka. Jinzi ya kawaida ya pamba haiyeyuki, lakini hutoboka kabla mtu hajamaliza kuteleza. Abiria, hasa akina mama wanaokaa upande kwa sababu ya sketi au leso, hali yao ni mbaya zaidi, na sijaona duka lolote linalowafikiria.

Kwa kuwa karibu nguo zote za aina hii hutoka nje, cha kutafuta kwanza ni lebo ya ndani yenye maandishi EN 17092. Hicho ni kiwango cha Ulaya kilichotolewa mwaka 2020, nacho huyapanga mavazi ya pikipiki katika madaraja ya AAA, AA, A, B na C. Katika kipimo chake kikuu, kipande cha kitambaa hufungwa kwenye mkono wa mashine, huzungushwa kwa kasi, kisha huachiliwa kwenye sakafu ya saruji kiburuzike mpaka kisimame, na kikitoboka kupita kiasi kinachoruhusiwa kimeshindwa. Sehemu ambazo mtu hutangulia kuangukia, yaani magoti na nyonga, hupimwa kuanzia mwendo wa kilomita 120 kwa saa kwa daraja la AAA, 70 kwa AA na 45 kwa A. Daraja la B ni sawa na A isipokuwa halina pedi, na C ni pedi tupu za kuvaa ndani au juu ya nguo nyingine, zisizoahidi lolote kuhusu msuguano. Mnunuzi asizichukue namba hizo kuwa kibali cha mwendo, kwa sababu mwili unaoanguka barabarani hukutana na kingo za lami, mashimo na magari mengine, mambo ambayo mashine haiyajui. Hata hivyo, kwa pikipiki za kadiri ya Boxer na TVS zinazotawala barabara zetu, naona AA ni kiwango cha kuridhisha, na A ni cha mtu ambaye kweli hatoki mjini.

Pedi zina kiwango chao, EN 1621-1, na hapa ndipo wauzaji wengi hukwepa maswali. Chuma cha kilo 5 huangushwa juu ya pedi kwa nishati ya jouli 50, ambayo ni karibu sawa na kukiachilia kutoka kimo cha mita moja, kisha hupimwa nguvu inayopenya hadi upande wa pili. Pedi ya ngazi ya 1 huruhusu wastani usiozidi kilonyutoni 35, na ya ngazi ya 2 usiozidi 20, kwa hiyo tofauti kati ya ngazi hizo mbili si ya jina tu. Pedi huandikwa herufi K kwa goti na H kwa nyonga. Kuna alama nyingine ndogo ambayo mkazi wa Kisumu anapaswa kuitafuta kuliko mtu mwingine yeyote, nayo ni T+, inayoonyesha kwamba pedi ilipimwa pia katika joto la nyuzi 40 za Selisiasi. Pedi za kisasa ni za povu laini linalokakamaa linapogongwa, na povu la namna hiyo hubadilika tabia kadiri joto linavyopanda. Pikipiki ikiachwa juani karibu na soko la Jubilee huku suruali imefungwa kwenye kibebeo, nyuzi 40 si mbali. Madaraja ya AAA na AA hudai pedi za magoti na za nyonga pia. Daraja la A hudai za magoti tu.

Suruali ya ngozi niliinunua Kibuye siku ya Jumapili, siku ambayo soko hilo hufurika, baada ya mapatano marefu. Ngozi yake ni nene, mishono ya makalio imepitishwa uzi mara tatu, na ukikunja goti unahisi kabisa kwamba lami italazimika kufanya kazi kubwa kuipenya. Ilikuwa na lebo ya kiwango cha zamani, EN 13595, jambo ambalo halikunisumbua kwa kuwa kiwango hicho kilikuwa kikali. Kwa mtumba wa ngozi lebo pekee haitoshi. Ikunje kwa nguvu kwenye paja uone kama inapasuka vijistari, vuta mshono wa msambani kwa vidole viwili usikilize kama uzi unakatika, tafuta mahali paliposhonwa upya kwa uzi wa rangi tofauti, kwa sababu hapo huenda mtu aliwahi kuanguka, kisha toa pedi uzibonyeze. Za kwangu zilimomonyoka mkononi, ikabidi nitafute nyingine. Ikiwa hayo yote ni salama, bado linabaki swali la joto. Kisumu iko kwenye kimo cha mita 1,130 hivi kando ya ghuba, mchana joto hukaribia nyuzi 30 na unyevu wa ziwa huongezea; ukisimama kwenye foleni kwa ngozi nyeusi, jasho hutiririka hadi kwenye soksi. Ukishapita Kapsoit na kuingia kwenye mashamba ya chai mambo hugeuka, na mtu anayeishi Molo au Londiani anaweza kuipenda suruali hii mwaka mzima. Mimi siishi huko.

Ya wavu ilinishangaza kwa wepesi wake. Mbele ya mapaja na nyuma ya shavu la mguu kuna kitambaa chenye matundu kinachopitisha upepo, na magotini na nyongani kuna vipande vizito vya nailoni. Ukiwa unatembea kwa mwendo wa kawaida kutoka Ahero kuelekea Awasi, penye mashamba ya mpunga na jua la waziwazi, unahisi hewa ikizunguka hadi kiunoni. Lakini daraja la suruali za wavu mara nyingi ni A, na ile yangu ni AA kwa sababu tu niliikataa ya kwanza niliyoletewa. Kasoro yake nyingine ni upana: kitambaa hupepea, na pamoja nacho hupepea pedi ya goti, ambayo inaweza kuwa imehamia upande wa nje wa mguu wakati unapoihitaji. Suruali yenye mkanda wa velkro chini ya goti huondoa tatizo hilo, na isiyokuwa nao nisingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Jinzi nayo ni ya aina mbili, na kuzichanganya ni kupoteza fedha. Kuna ile ya kawaida iliyotiwa bitana ya aramidi, jamii ya nyuzi ambayo Kevlar ndiyo maarufu zaidi, na kuna ile ambayo nyuzi imara zimefumwa pamoja na pamba katika tabaka moja. Ya bitana huwa na joto, na za bei nafuu huwekewa bitana kwenye magoti na makalio tu, huku pembeni mwa nyonga, mahali mtu anapoangukia kwanza pikipiki inapolala, pakiachwa pamba tupu. Geuza suruali ndani nje dukani, mbele ya muuzaji, uone bitana inaishia wapi. Ya tabaka moja ndiyo niliyoichagua. Unaingia nayo benki, shuleni au kwenye mkutano wa chama bila mtu kukuuliza pikipiki umeiacha wapi, na hilo si jambo dogo, kwa maana suruali inayomlazimisha mtu kubadilisha nguo chooni kila anapofika kazini hatimaye huachwa nyumbani. Ubaya wake ni uzito, na kwamba katika msimu wa mvua haikauki kwa usiku mmoja. Pedi za nyonga nazo hugombana na viti vyembamba vya plastiki vya hotelini, kiasi kwamba kula samaki kando ya ziwa na suruali hii ni shughuli ya kujipindapinda.

Kuhusu mvua, hakuna hata moja kati ya hizi tatu ninayoitegemea. Wauzaji watakuonyesha suruali yenye utando wa ndani usiopenyeza maji, lakini kitambaa cha nje hunyonya maji vilevile, huwa kizito, na upepo ukikipiga njiani kupanda Kericho, ambako mvua ya alasiri huja na mawe, miguu hupata ganzi. Suruali ya mvua ya kuvaa juu, iliyo pana vya kutosha kupitia buti na yenye zipu hadi magotini, ni nafuu zaidi na hufanya kazi vizuri zaidi, mradi uivae kabla matone hayajaanza. Iangaliwe tu isiguse ekzosi, kwa sababu plastiki yake huyeyuka upesi.

Ukubwa wa suruali hauamuliwi kwa kusimama mbele ya kioo. Omba kukaa kwenye pikipiki yako mwenyewe, au angalau kwenye kiti ukiwa umekunja magoti kama unavyokaa unapoendesha, kisha tazama. Pindo litapanda, kiuno kitashuka nyuma, na pedi itasogea. Pedi hiyo inatakiwa iifunike pia ya goti (kile kifupa cha mbele) yote na kuteremka kidogo kwenye muundi. Ishike kwa mkono uizungushe: ikifika pembeni kwa urahisi, suruali hiyo ni pana mno, au mfuko wa pedi umeshonwa juu mno. Suruali nzuri huwa na mfuko unaoweza kupandishwa na kushushwa. Kwa wanawake tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyingi zinazofika huku zimekatwa kwa umbo la kiume, na ikitosha nyongani huwa inapwaya kiunoni.

Najua mwendeshaji wa bodaboda anayepeleka mapato ya kila siku kwa mwenye pikipiki hataweza kununua AA mpya. Kwake ningependekeza pedi za magoti za kuvaa ndani, zilizoshonwa kwenye mfuko wa kunyumbuka mfano wa soksi ndefu, juu yake avae jinzi nzito. Heri nusu shari kuliko shari kamili: pia ya goti italindwa isipasuke, ingawa ngozi ya nyonga bado iko hatarini. Zile ngao za plastiki ngumu za kufunga kwa mikanda nje ya suruali huteleza hadi kwenye kifundo cha mguu kwa mpigo mmoja wa tuta, na sizipendekezi kwa yeyote.

Ukishanunua, usiifue jinzi ya aramidi kwa Jik, kwa sababu klorini huzidhoofisha nyuzi zake, na jua kali huzidhoofisha pia. Ianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, baada ya kutoa pedi. Ikiwa ni ndefu, mwachie fundi cherehani apunguze pindo la chini peke yake, na umwambie wazi asiguse mishono ya pembeni wala asiibane pajani, kwa kuwa mishono hiyo nayo hupimwa inapopewa daraja, na uzi wa kawaida wa pamba hautaishikilia pale itakapoburuzika.