Levetirasetamu, mimi na kijana wa duka la dawa

Nimekuja kuitathmini levetirasetamu, dawa yangu ya kifafa, ila naanza na yule kijana, maana nikianza na dawa yenyewe nitakuwa nimeshapoa, na sitaki kupoa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku zile unahesabu vidonge kama nauli ya daladala. Hospitali walisema levetirasetamu imeisha, jaribu nje. Nikavuka barabara. Kijana akaangalia cheti, akaingia nyuma, akatoka na vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, nusu ya jina imebaki kwenye kipande kingine. Nikageuza nikasoma: "BAMAZ". Kabamazepini! Nikamwambia kaka, siyo hii. Hakuinua hata macho. Kwa sauti ya muuza maji wa stendi: "Zote ni za kifafa, dada."

Mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akamvuta mwanawe, wakasogea hatua mbili. Hatua mbili! Kana kwamba kifafa kinarukia watu. Mimi kwetu ni Mahenge, ambako Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na hadi leo mjini bado kuna mtu anaogopa povu lisiloambukiza chochote.

Zote ni za kifafa. Haya, dizeli na petroli zote ni za gari, mtilie basi mwenye pikipiki dizeli uone.

Kabamazepini naijua. Nilianza na fenobabitoni, dawa ya mwaka 1912, nikawa nasinzia juu ya cherehani mpaka nikajishona kidole. Wakanihamishia kabamazepini, na hapo ndipo asubuhi zangu zilipoharibika. Mikono inashtuka yenyewe. Kikombe cha chai kinaruka kama kimepigwa kofi, mswaki unaniponyoka, na nikikesha harusini basi kesho yake nimeanguka. Kila nikirudi kliniki naongezewa dozi. Naongezewa dozi, nashtuka zaidi. Mwishowe faili likaandikwa "kifafa sugu", na muuguzi mmoja akanitazama kwa ile huruma ya msibani.

Alikuwepo daktari mmoja, Mungu amweke, aliyeniuliza swali ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza: "Asubuhi vitu vinakudondoka?" Nikalia palepale. Kumbe kifafa changu ni kile cha mishtuko kinachoanza ujanani, na kabamazepini inaweza kukichochea badala ya kukituliza. Akaniambia kifafa hakiitwi sugu mpaka dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa na kutumika kwa dozi ya kutosha zishindwe, ndivyo wataalamu wa kimataifa walivyokubaliana mwaka 2010. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, kama theluthi moja, na wao ndio wa kufikiriwa upasuaji au ule mlo wa mafuta mengi. Mimi sikuwa nimefika huko. Kilichokuwa sugu ni cheti.

Dawa inayokipatia kabisa kifafa changu ni valproeti, akasema, ila nilikuwa sijazaa na bado nataka mtoto. Mama akiwa anaimeza, kama mtoto mmoja katika 10 huzaliwa na kasoro, na wengi zaidi huchelewa kiakili. Ndiyo tukaangukia levetirasetamu.

Sasa niitathmini, si ndicho nilichokijia? Inafanya kazi. Wiki ya tatu nilikunywa chai mpaka mwisho wa kikombe, imejaa, bila kuishika kwa mikono miwili. Sijaanguka tangu kabla ya mfungo wa mwaka jana, au wa mwaka juzi, sikumbuki vizuri. Kwa hilo naipa tano kwa tano.

Lakini hasira! Jamani, hasira. Nimegombana na konda kwa shilingi 50. Nimemfokea mume wangu kwa sababu anatafuna. Daktari aliniambia mapema kwamba baadhi ya watu inawafanya hivi, wengine inawatia huzuni nzito, na nikiona nazidiwa nirudi, nisiiache mwenyewe, maana kuiacha ghafla ni kuita degedege. Akaniongezea vitamini B6. Inasaidia kidogo, au najifariji. Kwa hilo naipa mbili. Moja na nusu.

Kwa hiyo siku ile pale kaunta nilipompasukia yule kijana (nilichomwambia sikiandiki, mama yangu anajua kusoma), akanijibu, "Punguza hasira dada, hasira ndiyo inawaangusha." Nikabaki mdomo wazi. Hasira ile ilikuwa yangu au ya kidonge? Nimelifikiria sana hili na nimeamua ilikuwa yangu. Kidonge kilichangia nauli tu.

Niliondoka mikono mitupu. Usiku huo sikumeza kitu. Asubuhi kikombe kikaruka, chai ikanimwagikia pajani, alama ninayo mpaka leo. Hiyo alama ni ya nani? Ya dawa? Dawa haikuwepo! Nilikuwa nimepanga kuipa mbili, naifuta, naipa nne, na kijana nampa sifuri.

Sifuri ningemwachia, ila mchana wa siku hiyohiyo simu ikaita. Namba yangu ilikuwa kwenye cheti, na cheti nilikisahau kwake kwa kufoka. Alikuwa amezunguka maduka manne. "Dada, nimeipata ile yako, ya kweli, boksi zima, njoo usome mwenyewe." Nikaenda, nikasoma herufi kwa herufi mbele yake. Hakuomba radhi. Mimi pia sikuomba.

Tangu hapo nanunua kwake, kwa sababu ndiye pekee mtaani anayeiweka. Boksi langu liko kwenye droo ya chini, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: DADA MKALI. Nimeshamwambia alifute mara tatu.