Nilikwenda kuona treni ya umeme, mtoto akatoka analia

Zimepita wiki kadhaa na hasira haijanitoka.

Nilikwenda kwenye makumbusho, na jengo lenyewe lilikuwa stesheni ya zile treni za umeme zilizounganisha miji ya Marekani kabla magari hayajazimaliza. Nazipenda tangu utotoni. Najua mhandisi Frank Sprague alivyofanikisha tramu, treni za umeme za barabarani, katika mji wa Richmond mwaka 1888, najua mabehewa mekundu ya mwisho ya Los Angeles yalivyosimama mwaka 1961. Nikamchukua mwanangu, nikamwahidi makubwa.

Katikati ya chumba kuna mpini wa dereva, wa shaba, juu ya sanduku lake refu. Kibao kinasema: zungusha, uone taa zikiwaka moja baada ya nyingine, jinsi mota ilivyokuwa ikiongezewa umeme hatua kwa hatua. Mtoto akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Mara mhudumu huyu hapa nyuma yetu, sauti juu: "Acha! Hicho si kitu cha kuchezea!" Nikamwonyesha kibao, hata hakukitazama. Akamwambia mtoto wa miaka minane kwamba ndiye aliyekiharibu, na waya uliokatika tunauona sote, umefungwa utepe uliokauka na kushika vumbi. Utepe wa leo unashika vumbi lini?

Tangu hapo kila kitu kikanichefua. Ramani ya njia imetundikwa nyuma ya mlango! Na hakuna hata mstari mmoja unaoeleza umeme ulifikaje kwenye behewa. Nilimweleza mwanangu mwenyewe, nje, kwa vidole: waya juu, fimbo ya paani inaugusa, umeme wa volti kama 600 unashuka kwenye mota, kisha unarudi kwa reli.

Nilishaandika "msiende". Nimefuta, kwa sababu ya dirisha la tiketi. Ubao wake umelika katikati hadi umekuwa kama sahani, kwa sarafu na viganja vya abiria wa miaka yote ile. Mwanangu alitia mkono humo akanyamaza, machozi bado shavuni. Kwa hilo peke yake, nendeni.

Lakini mtoto aombwe radhi, na ule waya uungwe. Ni kazi ya dakika kumi. Nilijitolea kuuunga mimi, mhudumu akasema wanafunga. Ilikuwa saa nane mchana, na watu wengine walikuwa ndiyo kwanza wanaingia.