Basi hewa na barua ya pauni 100: uzoefu wangu wa usafiri Leeds

Barua ilifika Jumanne. Ndani mlikuwa na picha mbili za gari langu: moja linaingia maegeshoni saa 7:01 mchana, nyingine linatoka saa 9:13. Chini yake wameandika nilipe pauni 100, au 60 nikiwahi ndani ya siku 14. Nilikaa kwenye ngazi na sare ya kazini mwilini, nikaisoma mara tatu, kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba nililipa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu, hasa waliofika Uingereza tangu 2022 kwa viza ya kazi za uangalizi wa wazee, ambao hakuna aliyewaambia habari za maegesho yenye kamera. Kampuni sitaitaja. Ziko nyingi na mtindo ni mmoja.

Siku hiyo nilimpeleka binti yangu kupimwa macho katikati ya mji. Nikaegesha kwenye jengo, ghorofa ya chini ya ardhi. Hakuna mlinzi wala geti, ni kamera tu mlangoni inayosoma namba za gari. Nikaenda kwenye mashine ya kulipia nikakuta karatasi imebandikwa juu ya sehemu ya kadi: haifanyi kazi, tumia programu ya simu. Simu nayo kule chini haikuwa na mtandao hata kidogo. Nikamshika mtoto mkono tukapanda njia ya magari hadi nje, mvua inanyesha, nikaanza kupakua programu. Ikataka jina, barua pepe, namba ya gari, namba ya kadi, kisha benki ikatuma namba ya kuthibitisha. Halafu ikataka namba ya eneo la maegesho, ambayo imeandikwa kwenye bango lililoko kule chini nilikotoka! Nikarudi, nikaisoma, nikapanda tena. Ujumbe wa malipo kupokelewa uliingia saa 7:14. Nililipia saa mbili kamili, na programu ikaniandikia kwamba muda wangu unaisha saa 9:14.

Nikatoka saa 9:13. Kwa hesabu ya programu nilikuwa na dakika moja mkononi.

Lakini kamera haihesabu kama programu. Programu inaanza kuhesabu pale pesa inapoingia, kamera inaanza pale tairi zinapopita mlangoni. Kwa kamera nilikaa saa mbili na dakika 12. Kanuni za kampuni hizi zinampa dereva dakika 10 za kutoka muda wake ukiisha, kwa hiyo mimi nilizidisha dakika mbili. Zile dakika 13 nilizokuwa nahangaika kuwapa pesa yao, wao wamezihesabu kuwa ni dakika nilizowaibia.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Barua za faini za maegesho ni za aina mbili, na zote zinaitwa PCN, kifupi cha jina lao la Kiingereza. Ya kwanza inatoka halmashauri ya jiji. Hiyo ni adhabu ya kisheria, na usipokubaliana nayo unaipinga kwa halmashauri, kisha kwenye baraza huru la rufaa. Ya pili inatoka kwa kampuni binafsi, na kisheria ni dai la mkataba: wanasema ulipoingia ulikubali masharti ya bango, umeyavunja, basi uwalipe. Rangi za barua, mistari na maneno vinafanana, na mtu akiwa na hofu hatofautishi. Angalia nani ameandika kabla hujatoa senti.

Wapo watakaokwambia barua ya kampuni binafsi itupe tu. Usiitupe. Zamani kampuni hizi zilikuwa zinafunga minyororo kwenye tairi. Sheria ya mwaka 2012 ikapiga marufuku jambo hilo kwenye ardhi binafsi huku England na Wales, lakini sheria hiyohiyo ikawapa njia ya kumdai mwenye gari hata kama siye aliyekuwa anaendesha. Jina lako na anwani wanavinunua kwa pauni 2.50 kutoka mamlaka ya serikali inayosajili magari. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bwana Beavis, aliyezidisha dakika 56 kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford: wakasema dai la pauni 85 ni halali. Kwa hiyo wanaweza kukupeleka mahakamani, na hukumu usiyoilipa inaingia kwenye rekodi yako ya mikopo. Wenye nyumba wengi wanaiangalia rekodi hiyo kabla ya kukupangisha.

Nikakata rufaa kwanza kwa kampuni yenyewe, maana ndivyo utaratibu unavyotaka. Nikaeleza mashine ilikuwa mbovu na nikaambatanisha risiti. Baada ya wiki tatu likaja jibu la kurasa mbili ambalo halikutaja mashine hata mahali pamoja. Wakaniongezea siku 14 nyingine za kulipa 60, na wakaniandikia kwamba nikienda mbele punguzo linaondoka. Hapo ndipo wanapowapata watu. Mlezi anayelipwa karibu na kima cha chini anapiga hesabu: 60 leo au 100 baadaye? Anailipa, anaimeza.

Jumamosi nikarudi pale na simu. Ile karatasi bado ilikuwa imebandikwa. Nikaipiga picha, nikapiga picha ya skrini ya simu ikionyesha hakuna mtandao, nikapiga bango lenye namba ya eneo na mahali lilipo. Nikachukua ujumbe wa benki wenye saa yake. Vyote nikavituma POPLA, chombo cha rufaa ambacho dereva halipi chochote kukitumia (kuna kampuni zinazotumia chombo kingine, soma barua yako). Sikuandika hasira. Niliandika saa: nimeingia 7:01, mashine mbovu, nimelipa 7:14, mkataba wenu unasema 9:14, nimetoka 9:13. Baada ya mwezi na siku kadhaa nikapata barua pepe kwamba kampuni imejitoa, haitatetea dai lake. Hakuna maelezo wala samahani.

Mwaka 2025 kampuni zenyewe zilibadili kanuni zao ili dereva asidaiwe kwa sababu tu amechelewa dakika chache kukamilisha malipo, maadamu amelipa kabla ya kuondoka. Ni hatua nzuri na nimeifurahia. Lakini kanuni hiyo ni yao wenyewe, si ya serikali. Bunge lilipitisha sheria ya kuweka kanuni za serikali tangu 2019, kanuni zenyewe zikatolewa 2022 na kuondolewa mwaka huohuo. Mpaka kuwe na kanuni yenye nguvu ya sheria, mimi maegesho ya aina hii nayapa nyota moja, na hiyo nyota ni ya taa, maana kule chini hakuna giza.

Utaniuliza gari la nini kwenye jiji lenye mabasi. Nilikuwa mtu wa basi kwa mwaka mzima. Nakaa Harehills, kazi yangu iko Pudsey, na zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Ni safari ya mabasi mawili, kutoka upande mmoja wa jiji kwenda mwingine, nikibadilishia mjini kati. Kituoni kuna ubao wa umeme unaohesabu dakika: 6, 4, 2, kisha unaandika basi linafika. Unashika begi, unasogea ukingoni, unaangalia barabara. Hakuna kitu. Mstari unafutika, linalofuata baada ya dakika 20. Kule nyumbani tuliwahi kuwa na wafanyakazi hewa kwenye orodha za mishahara. Sisi Waswahili wa hapa haya tunayaita mabasi hewa. Ubao usipopata taarifa za gari lenyewe unasoma ratiba, na basi likikosa dereva ratiba inaendelea kuhesabu kama kawaida. Nimekuwa konda wa daladala Mbagala nikiwa kijana. Hatukuwa na ratiba, lakini sikuwahi kumwambia abiria gari limefika wakati halipo.

Mara tatu kwa mwezi mmoja nilichelewa zamu. Mara ya tatu mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akinisubiri nimwinue vizuri, miguu imepoa kama chuma. Wiki ile nikatafuta gari la mkopo.

Hili tatizo lina mizizi. Tarehe 26 Oktoba 1986 mabasi ya nje ya London yaliachiwa soko: kampuni inachagua njia, saa na nauli, na njia isiyolipa inaachwa au halmashauri inailipia. London haikuguswa, kule serikali ya jiji inapanga njia na kampuni zinaendesha kwa mkataba. Ndiyo maana binamu yangu aliyeko Tottenham anapanda mabasi mawili, matatu ndani ya saa moja kwa nauli moja, na mimi huku mwaka ule mzima nilikuwa na tiketi ya kampuni moja isiyokubalika kwa kampuni nyingine. Januari 2023 serikali iliweka kikomo cha nauli cha pauni 2, Januari 2025 kikapanda hadi pauni 3, na kwa kweli kilitusaidia sana. Ila nauli nafuu haileti basi.

Leeds kwenyewe tramu ziliondolewa 1959. Miaka ya sabini jiji lilijitangaza kwenye mihuri ya posta kuwa jiji la barabara kuu za magari. Mpango wa tramu mpya ukafutwa 2005, wa mabasi ya nyaya za umeme ukakataliwa 2016. Jiji kubwa hivi, halina reli hata moja ya mitaani! Asubuhi pita Armley Gyratory, mzunguko mkubwa wa barabara hapa Leeds, uone hesabu yake: foleni ya magari, kila moja na mtu mmoja ndani, na katikati yake basi la watu sabini limekwama nao.

Madereva wa mabasi siwalaumu. Wanashusha basi upande ili mama mwenye kigari cha mtoto apande, wanamsubiri mwenye fimbo akae, na karibu kila abiria anashuka akisema asante. Manchester wameshayarudisha mabasi yao chini ya mamlaka ya jiji, kazi iliyoanza Septemba 2023 na kukamilika Januari 2025, na mkoa wetu wa West Yorkshire uliamua hivyohivyo Machi 2024, mabasi ya kwanza yanategemewa 2027. Nitakuwa kituoni siku hiyo. Kwa sasa mabasi nayapa nyota mbili.

Simu yangu sasa ina programu nne za maegesho, na gari naliacha kazini Pudsey panapoegeshwa bure. Mjini naenda kwa basi siku za mapumziko, nikiwa sina haraka.

Juzi mwenzangu wa zamu ya usiku alinivuta pembeni chumba cha chai, akatoa bahasha kwenye mkoba. Alikuwa amekaa nayo wiki nzima bila kumwambia mumewe. Jengo ni lilelile, alizidisha dakika nne. Zimebaki siku tisa za kukata rufaa. Jumamosi anakuja kwangu, nimemwambia asilipe chochote kwanza, na kabla ya kuandika neno lolote tutapita pale tukaangalie kama ile karatasi bado ipo kwenye mashine.