Beringi za shingo za XS650: nilizipa nyota mbili, leo nazisafisha jina

Nilipofungiwa mara ya kwanza beringi hizi, zile zinazouwezesha usukani kuzunguka kwenye shingo ya fremu, nilizipa nyota mbili na maneno makali juu yake. Leo nazipandisha hadi nne, na muuzaji namwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Mwenye pikipiki ya zamani iliyopigwa rangi upya asome mpaka mwisho kabla hajatoa hela.

Yangu ni Yamaha XS650 ya mwaka 1975, silinda mbili, cc 653. Hapa Dar kila anayeiona anasema ni Triumph, nimechoka kubishana. Niliinunua ikiwa maiti, nikaipeleka gereji moja ifanyiwe kila kitu: injini, nyaya, kromu, na fremu ikapigwa ile rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Ilirudi inang'aa kama sinia la harusi. Ukiiegesha, watu wanapiga nayo picha. Ukiipanda, unaanza kukumbuka madeni yako.

Dalili zilikuwa mbili, na nilipoteza mwezi mzima kwa kuzichukulia kama moja. Nikiachia mafuta kutoka 80 kushuka 60, usukani ulikuwa unatetemeka mikononi, harakaharaka, kama mtu mwenye homa. Hiyo moja. Ya pili, nikivuka 90, hasa kwenye kona ndefu au nikipishana na lori, pikipiki nzima ilianza kucheza mkia, polepole, kushoto na kulia, kama mashua iliyopakiwa vibaya. Mtetemo wa haraka mara nyingi chanzo chake kiko mbele: tairi, balansi ya gurudumu, beringi za shingo. Mchezo wa polepole mara nyingi unaanzia nyuma, kwenye bushi za swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), shokapu au mzigo. Nasema mara nyingi kwa sababu pikipiki moja inaweza kuwa na yote mawili, na yangu ilikuwa nayo. (Ikikukuta barabarani usiung'ang'anie usukani na usirukie breki. Legeza mikono, inama mbele kidogo, punguza mafuta taratibu.)

Washauri wengi waliniambia nifunge stelingi dampa, kifaa cha kuzuia usukani usitetemeke, nimalize kazi. Hiyo ni panadol ya jino bovu.

Nikaanza na vya bei rahisi. Upepo kwanza: gereji walijaza 40 mbele na nyuma, nikashusha hadi 26 mbele na 30 nyuma. Kisha nikasoma umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. La mbele liliandikwa 0809, yaani wiki ya nane ya 2009. Kashata zote zilikuwepo, weusi wake tii, lakini mpira umekuwa mgumu kama kwato. Nikaweka mapya, 3.50 ya inchi 19 mbele na 4.00 ya inchi 18 nyuma, na balansi ikafanywa. Mtetemo ukapungua, haukwisha.

Mtaa wa pili kutoka kwangu anaishi mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hii inayokukosesha usingizi?"

Hakutaka hata niiwashe. Tukaweka jeki chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning'inia. Akaugusa usukani kwa kidole kimoja. Usukani mzima wa afya, alisema, ukiugusa hivyo unajiangukia wenyewe hadi mwisho. Wangu uligoma katikati, kana kwamba kuna kishimo.

"Gololi zimechimba bakuli, mwanangu. Unapokwenda sawa zinataka kulala palepale, na wewe kila sekunde unazitoa bila kujua."

Yaani gereji walipaka fremu rangi ya mamia ya maelfu, kisha wakarudisha gololi na bakuli (pete za chuma ambamo gololi huzunguka) zilezile za zamani ndani yake. Ndipo nikaagiza seti hii ya beringi za rola, zenye vijiti vya chuma badala ya gololi, laki na arobaini pamoja na usafiri, na kwa uvivu nikaipeleka ikafungwe kulekule.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Baada ya kilomita kama 300, nikishika breki ya mbele nikaanza kusikia "tok" chini ya usukani. Nikakaza nati. Kilomita 200 mbele, tok tena. Mara ya tatu nikakaza kwa hasira, na nikajifunza kitu ambacho sikukijua: shingo iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya vilevile. Kwenye foleni ya Mwenge, mwendo wa kutambaa, pikipiki ilikataa kwenda sawa. Gurudumu la mbele lazima liwe huru kujirekebisha lenyewe. Ukilibana, wewe ndiye unabaki kulirekebisha, umechelewa kila mara, na unatangatanga kama mlevi mbele ya daladala. Siku hiyo ndiyo niliyoandika nyota mbili.

Mzee aliposikia aliuliza swali moja tu: "Bakuli zimekalia nini?"

Tukafungua. Chini ya bakuli zote mbili kulikuwa na rangi. Kabla ya kuoka, gereji hawakuziba shingo, unga ukaingia mpaka kwenye vikalio. Unene wake ni kama karatasi moja, tuseme sehemu moja ya kumi ya milimita, na unaweza kusema si kitu. Lakini rangi si chuma. Kwa uzito na mashimo ya barabara inapondeka, bakuli linashuka kidogo, nati inabaki haina cha kushika. Unakaza, inapondeka tena. Kumbe kila nilipokuwa nakaza nilikuwa nasaga rangi. Isitoshe, bakuli la chini liliingizwa kwa nyundo likakaa upande, na beringi za rola haziwezi kuvumilia bakuli lililopinda.

Tulizitoa, tukakwangua rangi yote mpaka chuma cheupe kikaonekana kote. Fremu hatukuweza kuipasha moto bila kuharibu hiyo rangi ya fahari, kwa hiyo bakuli tukazilaza kwenye friza usiku mzima ili zisinyae. Mama watoto alizikuta kando ya samaki wake changu, akanyamaza kwa namna ninayoifahamu. Asubuhi tukaziingiza kwa kugongea juu ya bakuli la zamani, kidogo huku, kidogo kule. Mzee alikuwa anasikiliza tu. Mlio ulikuwa mzito, mzito, halafu ghafla ukawa mkali kama wa kengele. "Limefika," akasema, akaweka nyundo chini.

Marekebisho yenyewe ni madogo: kaza kwanza ili rola zikae, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kumi, legeza, kisha kaza polepole hadi ukivuta foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) mbele na nyuma husikii mchezo, na usukani bado unajiangukia. Rudia ukaguzi baada ya kilomita 200. Nilirudia, nati haikuhitaji kuguswa. Mtetemo wa 80 kushuka 60 umekufa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mbili. Seti haina hata karatasi ya maelezo, na sili ya chini ya kuzuia vumbi ni nyembamba mno kwa barabara zetu. Nilikata ya kwangu kutoka kwenye mpira wa tyubu.

Mkia nao? Huo beringi za shingo haziutibu, na asiwepo wa kukudanganya. Tulitoa gurudumu la nyuma na shokapu zote mbili, tukaishika swingamu na kuisukuma pembeni. Ilicheza kama mlango wa choo. XS650 ilitoka kiwandani na bushi za plastiki, na zangu zilikuwa zimelika upande mmoja. Kule mtaa wa Gerezani, hapa Dar, nikampata mkerezaji akanichongea jozi ya bushi za shaba zenye mfereji wa grisi, elfu sitini, kazi safi mno. Huyo ndiye wa nyota tano. Kuwa makini na boliti yake: ikikazwa inatakiwa ibane ile bomba ya ndani isizunguke, swingamu ndiyo izunguke juu yake. Ikizunguka boliti, umetupa hela.

Mwisho tukavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Alama za kurekebishia mnyororo zilisema gurudumu liko sawa. Uzi ulisema limepinda milimita tano. Tuliuamini uzi.

Jumapili iliyopita nilikwenda Bagamoyo, nikapitiliza hadi Msata na kurudi. Kwenye 90 imetulia, malori yanapita, mabega yangu yameshuka. Nikifika 105 kuna mkia mdogo bado, lakini siku hiyo nilikuwa na sanduku limefungwa nyuma kabisa ya ekseli, na ndani yake spana zangu zote. Jumapili ijayo naliacha nyumbani.