Njia za kutazama katuni fupi za zamani Dar es Salaam: ipi ilipiwe kwanza

Anayetaka kutazama katuni fupi za zamani za mataifa mbalimbali akiwa Dar es Salaam ana njia nne za kutumia fedha zake: kifurushi cha intaneti, DVD halisi, flashi iliyojazwa dukani na king'amuzi. Nimezipanga kwa kigezo ninachokiona kizito kuliko bei, nacho ni uwezo wa kuchagua filamu kwa jina lake na kuipata katika nakala safi, kwa kuwa filamu ya dakika saba ikikatwa hata nusu dakika imekwisha kuharibika.

Nafasi ya kwanza naipa kifurushi cha intaneti. Filamu hizi hazili bando kama tamthilia. Katuni ya dakika nane katika ubora wa kati kwa kawaida haifikishi megabaiti 100. Zaidi ya hapo, baadhi ya wamiliki wamezifungulia watu wote. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1939, ina tovuti yenye maelfu ya filamu za kutazama bure, ikiwemo Neighbours ya Norman McLaren ya mwaka 1952, ambamo majirani wawili wanagombea ua moja lililochanua hadi wanauana. Haina mazungumzo, kwa hiyo bibi asiyejua Kiingereza na mjukuu wake wataifuata sawasawa, ingawa kwa ukali wa mwisho wake ningemwanzishia mtoto na kitu kingine. Steamboat Willie, katuni ya Mickey Mouse ya mwaka 1928, nayo ilitoka kwenye ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024, hivyo kuipata nzima si kazi.

DVD halisi inafuata. Picha na sauti zake mara nyingi zimesafishwa vizuri, lakini madukani kwetu ni adimu, na anayeagiza nje hana budi kuangalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, nyuma ya kasha: Tanzania iko kanda ya 5, Marekani kanda ya 1 na Ulaya Magharibi kanda ya 2. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa diski ya kanda nyingine, basi hakikisha kwanza kwamba yako inasoma kanda zote.

Flashi ya kujaziwa Kariakoo ni rahisi na huchomekwa moja kwa moja kwenye runinga, ila naiweka ya tatu. Kunakili bila idhini ya mwenye kazi kunagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mafaili hayo aghalabu yamebanwa mno. Kipimo kizuri ni filamu ya Yuri Norstein ya mwaka 1975 kuhusu kalunguyeye anayepotea ndani ya ukungu: katika nakala mbovu ukungu hugeuka vipande vya mraba, na farasi mweupe anayepaswa kujitokeza polepole humezwa humo. Flashi tupu, hata hivyo, inunue. Gigabaiti 32 zinatosha kabisa kwa filamu ambazo wamiliki wanaruhusu zipakuliwe.

King'amuzi ni cha mwisho, kwa sababu chaneli ndiyo inayochagua, na sitarajii ikuletee vyura wa Moustapha Alassane wa Niger, aliyechora ziara ya rais chura mwaka 1966. Anayekilipia kwa ajili ya mpira aendelee. Asiye nacho asikinunue kwa ajili ya katuni hizi.