Uzoefu wangu: Lister Start-O-Matic 6/1 iliyotoka Mbozi na kufufuliwa Mbeya

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asipoteze muda. Start-O-Matic ni jenereta ya zamani ya dizeli inayojiwasha yenyewe ukiwasha taa. Kama shida yako ni taa na friji umeme ukikatika, hii mashine siyo yako. Nunua sola, au jenereta ndogo ya Kichina, uendelee na maisha. Ila kama unapenda chuma kinachozunguka taratibu, una banda lenye sakafu ya zege na fundi mvumilivu, naipa nyota nne kati ya tano.

Lister za kusaga na kukoboa huku Nyanda za Juu Kusini hakuna asiyezijua. Nyingi tunazoziona ni nakala zilizotengenezwa Rajkot, India, na wala sizidharau, zimelisha watu. Iliyonifanya nifukuzie hii ni kwamba ilikuja seti nzima: injini ya CS (modeli ya dizeli ya Lister), jenereta yake na sanduku lake la umeme, vyote vimelala kwenye stoo ya shamba la kahawa Mbozi chini ya magunia. Seti kamili ni adimu, kwa sababu mara nyingi jenereta ilishang'olewa kitambo na kopa yake ikauzwa kwa kilo.

Kabla ya kutoa hela nilikwangua kibati cha shaba ubavuni mwa injini. Aina 6/1, maana yake nguvu farasi 6, silinda moja. Mizunguko 650 kwa dakika. Jenereta nyingi ndogo za petroli zinakimbia 3,000. R A Lister, kampuni iliyoziunda, walikuwa Dursley, Uingereza, na waliendelea kuunda CS hadi 1987, kwa hiyo umri wake usiukisie kwa kutazama kutu. Chini ya rangi ya bluu ya mtu fulani nikakuta kijani cha kiwandani. Jambo jingine lililonipa moyo ni kigurudumu kidogo cha mkono kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Ukikikaza ndani, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inapanda, unawasha injini ya baridi kwa urahisi. Ikishabeba mzigo mkubwa unakilegeza. Asubuhi za Juni Mbeya utakishukuru.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutoa magurudumu mawili ya uzito. Kila moja limebanwa kwenye shafti kwa kabari ya chuma yenye kichwa, na kutu ilikuwa imeziba kila upenyo. Vijana walitaka kupiga nyundo kichwa cha kabari kwa ubavu. Nikawazuia, maana kichwa kikikatika hapo unabaki na kisiki ndani ya gurudumu lenye uzito kuliko wewe. Tulilowesha kwa dizeli iliyochanganywa na oili ya kulegezea kutu, tukaacha ilale, kisha tukaingiza vipande viwili vya chuma vilivyochongwa mshazari kati ya kichwa cha kabari na kitovu cha gurudumu, tukagonga mara hiki, mara kile. Ilipoachia ilitoa mlio kama wa risasi, na fundi akanigeukia: "Bosi, hiki chuma siyo cha sasa." Baadaye tulikagua kitovu kizima kwa tochi kutafuta nyufa. Hapo usione uvivu. Gurudumu lililopasuka likizunguka ni mauti.

Mkereza vyuma wa karibu na Mwanjelwa alinifurahisha sana. Bushi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na shafti) alizifanyia kazi kwa kupima, si kwa kukisia. Spea ndiyo zilinipandisha presha. Pistoni, ringi, slivu (ganda la ndani la silinda) na gasketi za nakala za India zinaingia, lakini pima kila kitu kwa vernia (kipimo cha mkono cha milimita) kabla ya kufunga. Gasketi ya hedi niliyouziwa ilikuwa nene kuliko ya zamani, na unene huo unabadilisha nafasi kati ya pistoni na hedi. Tuliweka kipande cha waya laini wa madini ya risasi juu ya pistoni, tukafunga hedi, tukazungusha kwa mkono, tukatoa waya uliobonyea na kuupima. Muuzaji alisema "zote sawa tu hizo." Si sawa.

Upande wa umeme, fundi wa kusuka mota alitaka kufumua koili zote. Nilikataa. Mita ya insulesheni, inayopima kama umeme unavuja kwenye koili, ilisoma vibaya kwa sababu ya unyevu wa miaka mingi, basi. Tuliikausha: balbu ya moto ndani ya jenereta, blanketi juu, subira, na usomaji ukapanda juu ya megaomu 1. Koili za zamani ziko palepale.

Utendaji: nguvu farasi 6 ni za usawa wa bahari. Mbeya tuko karibu mita 1,700, na kwa makadirio ya mafundi unapoteza kama asilimia moja kila mita 100, kwa hiyo hesabu farasi 5. Maji ya kupoozea yanazunguka yenyewe kwa joto, hakuna pampu, ila huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, basi tangi lisiwe dogo. Haina filta ya oili. Mimi naweka SAE 30 ya kawaida na kuibadilisha mapema.

Sasa utamu wa Start-O-Matic. Betri za volti 24 zinakaa macho kwenye laini ya nyumba. Ukiwasha balbu, mkondo mdogo unapita, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inahisi, betri zinaigeuza jenereta kuwa mota, injini inazunguka na kushika. Ukizima taa ya mwisho, inajizima. Majirani wameshakuja kubonyeza swichi mpaka nikafunga mlango. Kasoro iliyoiondolea nyota ya tano ni kwamba taa za LED na chaja za simu hazipitishi mkondo wa kutosha kwa volti 24, kwa hiyo mashine haiamki. Nimefunga balbu moja ya waya ya wati 60 barazani kwa kazi hiyo tu. Ukiziona dukani nunua kadhaa, zinazidi kuadimika kuliko spea zenyewe.