Serikalini au kampuni ya familia: utamaduni upi wa kazi unakufaa?
Wahitimu wengi Dar es Salaam hubishana juu ya hili. Serikalini, ombi la ruhusa linapita masijala, linawekwa kwenye jalada, linasubiri sahihi. Inachosha, lakini mshahara hautegemei bosi kaamkaje. Kwenye kampuni ya familia unamfuata mzee dukani, anakubali papo hapo. Ukifiwa, anafika msibani mwenyewe na rambirambi mkononi. Hapo namwona kashinda.

Kwenye likizo mambo yanageuka. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka, ila kumdai haki mtu unayemwita baba ni kazi nzito, na huo ni udhaifu mkubwa. Mwenye mkopo wa nyumba aelekee serikalini. Anayetaka kuijua biashara nzima haraka, amfuate mzee.